Msimtapishe aliyemeza sumu

Nimesoma makala kuhusu kumsaidia mtu aliyemeza sumu. Imeeleza vizuri dalili za sumu, ila imepita haraka mno kwenye suala la kumtapisha mgonjwa. Jamani, msimtapishe! Mafuta ya taa yakirudi juu huingia kwenye mapafu kwa urahisi, na hapo ndipo penye hatari kubwa. Dawa ya kuzibulia mabomba nayo huunguza koo mara ya pili. Wala maziwa si dawa ya kila sumu, ingawa wengi huamini hivyo. Aliyezimia lakini bado anapumua mlazeni ubavu, matapishi yasije yakampalia. Na chupa au pakiti ya alichomeza nendeni nayo hospitali. Daktari akiiona hapotezi muda kubahatisha ni sumu gani.