Korosho Zisizo na Stakabadhi

Trafiki aliinama, akachungulia chini ya kabureta, akanusa, kisha akasimama akiwa ameshika kiuno. "Kaka, hizi korosho ghafi unazipeleka wapi, na stakabadhi ya ghala iko wapi?"

Nilikuwa kando ya barabara ya Lindi kwenda Mnazi Mmoja, nimepita Ngongo kidogo. Kope zimevimba, mkono wa kulia umejaa majivu hadi kiwiko, na nyuma yangu Datsun 240Z ya mwaka 1973 inafuka moshi kama tanuri la chokaa. Stakabadhi hiyo ndiyo karatasi inayoonyesha kwamba korosho zimepokelewa ghalani kihalali kwa ajili ya mnada. Kulijibu swali lile vizuri kulihitaji kurudi nyuma wiki saba.

Mwenye gari ni mzee wa Lindi mjini, zamani karani wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kule Nairobi. Mwaka 1973 Shekhar Mehta alishinda Safari Rally kwa 240Z baada ya kufungana pointi na Harry Källström wa Datsun 180B. Mzee akaenda kununua ya kwake, mpya, rangi ya chungwa, akaileta kwao kabla mpaka wa Kenya haujafungwa mwaka 1977. Tangu siku hiyo haijashikwa na mtu mwingine.

Ukisikia gari kuukuu lina mmiliki mmoja, usipige vigelegele mapema. Wamiliki kumi wakiharibu, kila mmoja huharibu kidogo kwa namna yake. Mmiliki mmoja akiwa mzembe, unanunua uzembe wa miaka hamsini uliokomaa. Mzee huyu, kwa bahati, alikuwa upande wa pili kabisa. Nilipofika getini nikasema, "Shikamoo, Babu."

"Mpangilio wa moto wa injini hii?"

Nikajua nimeingia kwenye usaili. "Moja, tano, tatu, sita, mbili, nne."

"Uwazi wa valvu, injini ikiwa baridi?"

"Za kuingiza milimita 0.20, za kutoa 0.25."

"Na ikiwa ya moto?"

"0.25 na 0.30."

"Marahaba," akasema, akafungua geti.

Nilikwenda na vifaa vyangu: sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa ili isikwaruze rangi, tochi, kipimo cha mgandamizo, na kioo cha kujipodolea cha mke wangu kilichofungwa kwenye mpini wa kijiko. Gari la pwani hulipimi kwa kung'aa. Unapitisha sumaku mahali ambapo 240Z zote huoza: chini ya betri, kwenye sakafu chini ya mazulia, kwenye miguu ya milango mbele ya tairi za nyuma, kwenye ukingo wa chini wa mlango wa buti, na kwenye reli mbili za chasisi zinazopita chini ya viti. Sumaku ikishika, pana bati. Ikiteleza, pana puti. Yangu ilishika kila mahali, ikawa hata inakera. Mzee alikuwa akiliosha gari kwa maji ya bomba tu kila linapotoka, na kulipaka oili chakavu chini kila mwaka. Tabia hiyo imeokoa gari hilo kuliko fundi yeyote.

Namba ya chasisi ilianza na HS30, ndiyo ya usukani wa kulia, imegongwa kwenye ukuta wa nyuma wa injini. Nikaifananisha na kibati cha chini ya boneti na kadi ya gari, tarakimu moja baada ya nyingine, kisha namba ya injini, L24, ubavuni mwa bloki. Mgandamizo wa silenda zote sita ulikuwa kati ya paundi 160 na 168 kwa inchi ya mraba. Hapo wasikutishe watu na ukubwa wa namba. Tazama tofauti: silenda moja ikiachana na wenzake kwa zaidi ya asilimia kumi, una gasketi, valvu au ringi za kuzungumzia bei.

Mipira ya breki ilikuwa imekufa, imepasuka kama visigino vya kiangazi. Mpira wa mlango wa buti nao: nilifungia kipande cha karatasi, kikatoka bila kuvutwa. Kwenye 240Z hilo si jambo dogo, maana ukienda na vioo wazi hewa ya nyuma ya gari hurudisha moshi wa ekzosi ndani. Nikaandika. Tairi zilikuwa na msimbo wa tarakimu tatu, kwa hiyo zimetengenezwa kabla ya mwaka 2000. Nikaandika pia. Nilipapasa, nilichungulia, nilinusa. Kioo cha mke wangu kilifika mahali ambapo mikono ya watu haijafika tangu kiwandani.

Hiyo ilikuwa siku ya kwanza, mwishoni mwa Septemba.

Bei tulielewana siku hiyo hiyo, lakini mzee akagoma kutoa gari mpaka kadi isome jina langu. Alikuwa na haki. Muuzaji anayekuachia gari lenye jina lake anakuachia pia faini zake za kesho. Tukaenda kwa wakili kusaini mkataba wa mauziano, picha zetu zikabandikwa, kisha polisi kulikagua, kisha kodi ya stempu na ada ya kubadili umiliki. Karatasi zikatembea kwa miguu yao wenyewe. Wiki saba.

Ndani ya hizo wiki saba, msimu wa korosho ulikuja.

Nilirudi katikati ya Novemba nikakuta Datsun imezungukwa bandani na magunia ya korosho yanayosubiri kupelekwa chama cha msingi cha ushirika. Mzee alikuwa na daftari la gari, ambamo kila lita ya petroli tangu Nairobi imeandikwa, na sasa alikuwa na daftari jingine la magunia. Alikuwa na hasira. Gunia la tatu limepungua kilo moja na ushee, na mtuhumiwa alikuwa mjukuu wake, kijana wa darasa la sita aliyesimama mlangoni akiapa kwa Mungu. Nilimsaidia kuhamisha yale magunia. Gunia la tatu lilikuwa na tundu chini, la ukubwa wa shilingi mia. Nililiona. Nikalizungusha upande wa pili ili lisimwagike, nikaendelea na kazi yangu.

Kazi yenyewe niliifanya kama kitabu kinavyotaka. Nilikuwa nimeshanunua mipira mipya ya breki, nikaifunga, nikatoa mafuta ya breki ya zamani yote, nikajaza DOT 3 mapya na kutoa upepo. Tairi nilibadilisha. Petroli ya zamani nikaimwaga, nikatia lita 20. Nikafungua plagi sita, nikadondosha kijiko cha chai cha oili kila silenda, nikazungusha injini kwa spana kwanza, kisha kwa stata bila plagi mpaka mshale wa oili ukapanda. Ndipo nikarudisha plagi, BP6ES mpya, uwazi milimita 0.8.

Sasa, kwenye L24 plagi ziko kulia. Distributa iko kulia. Pampu ya mafuta kulia, chujio la oili kulia. Kushoto kuna kabureta mbili, na chini ya kabureta kuna bati la kukinga joto, na chini ya bati hilo kuna manifoldi ya ekzosi, mabomba ya chuma yanayotoa moshi wa moto kwenye injini. Siku ile nilifika upande wa kushoto mara moja tu: nilifungua vifuniko viwili juu ya kabureta nikaongeza oili nyepesi kwenye pistoni zake. Mkono wangu ulikuwa kama sentimita 20 kutoka kwenye balaa. Kioo cha mke wangu kilikuwa Mtwara, juu ya kabati.

Iliwaka kwa jaribio la pili. Mzee alisimama kwa sekunde chache akaisikiliza, akafuta jicho, akasema ni vumbi.

Nilipotoka mjini nikasikia harufu tamu ya korosho zinazokaangwa. Msomaji wa mbali atashangaa kwa nini sikushtuka. Lindi, mwezi wa 11, harufu ya korosho si ushahidi wa kitu chochote. Nilipunguza mwendo, nikashusha kioo, nikatafuta muuzaji.

Baada ya hapo nikaanza kusikia: pa! Kimya. Pa, pa!

Mtu asiyejua magari angesimama. Mimi najua magari. Injini inayopiga vile inapovuta ina mchanganyiko mwembamba, hewa nyingi petroli kidogo, na nikakata shauri moyoni kwamba ni kabureta ya nyuma. Nikavuta choki, ule mkono mdogo ulio nyuma ya gia, ili niongeze petroli. Milio ikazidi. Nikavuta zaidi. Macho yakaanza kuwasha, matundu ya hewa ya dashibodi yakapumua moshi mweusi, na hapo nje ya kioo cha mbele sikuona tena Mkoa wa Lindi.

Nikasimama, nikazima, nikavuta breki ya mkono, nikatoka nakohoa. Watu walikuwa wameshafika. Sijui hutoka wapi, pale palikuwa na mibuyu tu. Vijana wanne waling'ang'ania boneti kwa mbele, kwenye taa, wakavuta kwa nguvu zote za msimu.

"Haifungukii huko!" nikapiga kelele. Boneti ya 240Z ina bawaba mbele, inafunguka upande wa kioo. Ni usalama mzuri sana, komeo likiachia ukiwa mwendo kasi upepo unaifunga badala ya kukupigia kioo, ila si jambo la kuwaeleza watu wanne wenye jazba. Nilivuta kamba ya ndani, boneti ikanyanyuka upande wangu, wenyewe wakarudi nyuma kana kwamba gari limewapigia kelele.

Chini ya kabureta kulikuwa na kiota. Nyuzi za gunia zinawaka taratibu, na ndani yake korosho na maganda yake, zimepangwa juu ya manifoldi safi kabisa kama za mnada, zikichuruzika mafuta, zikipasuka moja moja. Panya alikuwa amehama siku nyingi. Ndugu zangu wa Mtwara wanaomla panya na kumwita samaki nchanga wangesikitika kwa kumkosa yeye kuliko kwa gari.

Dereva wa bodaboda akaja na ndoo ya maji. Nikasimama mbele yake kama golikipa. Manifoldi ni chuma cha kuyeyushwa, kikiwa cha moto hivyo ukikimwagia maji baridi kinapasuka, na nyingine ya 240Z huipati Chikongola ya Mtwara wala Kariakoo. Mama mmoja mwenye kanga akampita: "Korosho hazimwagiwi maji, baba. Zinamwagiwa mchanga." Ameshachota mchanga kwenye sinia. Kwa wabanguaji ni kweli, mchanga ndio unaozima moto na kunyonya mafuta ya ganda. Kwa kabureta, chembe moja ya mchanga ni msiba. Mtungi wangu wa kuzimia moto ulikuwa mkononi, lakini unga wake ukikaa kwenye alumini unavuta unyevu na kuila, nikauweka kuwa silaha ya mwisho. Tukakubaliana gunia: tukalilowesha kwenye ile ndoo, tukalikamua, nikalifunika juu ya kiota likanyonga moto. Mama hakuridhika. "Hazijaiva sawasawa," akasema.

Nikaanza kuzitoa kwa mkono mtupu, maana nilikuwa na haraka. Mafuta ya ganda la korosho hula ngozi, kila mtoto wa huku anajua, na mimi nilijua. Alipoona vidole vyangu mama yule alinipaka majivu hadi kiwiko, akanitazama kwa huruma. "Wewe si wa huku?"

"Wa Mikindani ya Mtwara, mama."

"Eh!" Akawageukia wenzake.

Hapo ndipo trafiki alipofika na swali lake. Korosho ghafi, nje ya ghala, kwenye gari dogo, barabara kuu, msimu: kwa macho ya serikali hiyo ina jina, nalo ni kangomba, biashara ya magendo ya korosho nje ya mfumo wa stakabadhi.

"Afande, ni za panya."

"Panya ana jina?"

Mama ndiye aliyeniokoa. Alichukua moja kutoka kwenye sinia, akaigonga kwa jiwe, akatoa punje nyeupe upande mmoja na nyeusi upande wa pili. "Afande, hii si ghafi. Imeshakaangwa." Trafiki akaitafuna akifikiri. Akakagua bima, mtungi na pembetatu za kuakisi, vyote vikawepo. Akala ya pili. Akaniambia niondoe mgahawa wangu barabarani.

Nilisubiri ipoe saa nzima kabla ya kusogea. Mafuta yale yakishaungua hugeuka kuwa ngozi ngumu kama vanishi, na si ajabu, viwandani hutumika kutengeneza bitana za breki. Nilikwangua kwa brashi ya waya siku mbili, na bado injini ikipata moto barabara nzima inaona njaa. Nilipofungua upande ule nikakuta kingine: bomba la mpira linalotoka manifoldi ya kuingiza hadi kwenye kisaidizi cha breki lina meno manne ya panya. Linavuta hewa. Kwa hiyo mchanganyiko ulikuwa mwembamba kweli, na naomba hilo lieleweke.

Jioni nilimpigia mzee.

"Shikamoo, Babu. Zile korosho zilizopungua nimezipata."

Nikasikia kurasa zinafunuliwa. "Kilo ngapi?"

"Moja na ushee, Babu. Mwambie kijana apumzike."

Kimya. Halafu kalamu ikaandika kitu.

"Nitamwambia. Sasa wewe, kwa bei ya mnada wa wiki hii, utanitumia leo au kesho?"

Nilituma siku ile ile, na ya kutolea.