Mnada wa sadaka: tunamheshimu aliyeleta au aliyenunua?

Katika sharika nyingi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) zilizoko mlimani, juu ya mji wa Moshi, Jumapili haiishi kwa Baraka. Watu wanatoka wakiimba, wanasimama uwanjani, na mzee wa kanisa ananyanyua jogoo juu ya vichwa vyao: "Elfu kumi! Nani ana kumi na mbili?" Baada ya jogoo unafuata mkungu wa ndizi za mshare, kisha maparachichi, magimbi, maziwa, mayai. Kila kilichopelekwa madhabahuni asubuhi kinauzwa hapo, na fedha inahesabiwa pamoja na sadaka ya siku.

Siku hizi nasikia watu wakitaka mnada huu ufutwe. Kila mtu atoe fedha kwenye bahasha au kwa simu, tuagane, twende zetu. Wengine wakisikia hivyo wanashtuka kana kwamba umewaambia waishushe kengele. Mimi nimekulia kwenye mnada huu, na bado nasimama pale uwanjani kila nikipanda kijijini. Hoja za pande zote mbili zinanigusa.

Wanaoupinga huanza na Yohana 2, pale Yesu anapopindua meza za wenye kuvunja fedha na kusema, "msiifanye nyumba ya Baba yangu kuwa nyumba ya biashara". Ni neno zito, ila nadhani hapa halijakaa mahali pake. Kule hekaluni waumini waliuziwa ng'ombe, kondoo na njiwa ili wapate cha kutoa, na faida ilikuwa ya muuzaji. Kwetu kitu kimeshatolewa, na hakuna anayeondoka na faida mfukoni. Tena Torati yenyewe ilijua kwamba mazao hayangoji. Kumbukumbu la Torati 14 inamruhusu anayeishi mbali na mahali pa ibada aiuze zaka yake, aifunge fedha mkononi, aende nayo. Walawi 27 inamruhusu mtu aikomboe zaka ya shamba lake, mradi aongeze sehemu ya tano ya thamani yake. Kwa hiyo kugeuza ndizi kuwa fedha ni jambo la kale. Maziwa yakikaa mpaka Jumatatu yanaganda, na umeme wa kanisa haulipwi kwa maparachichi.

Hoja yao ya pili ndiyo inayoninyima usingizi. Njoo Desemba, wakati Wachaga wamerudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingineko. Mkungu ambao sokoni ungeuzwa elfu ishirini unafika laki moja na nusu. Aliyeununua hauchukui, anamzawadia mama mchungaji, au anasema urudi mnadani, nao unauzwa tena. Vigelegele vinapigwa, jina lake linatajwa mara tatu. Mwenye mkono mtupu amesimama kando na wanawe, anatazama. Kibaya zaidi ni pale anayenadi anapomgeukia mtu: "Mwalimu, mbona leo uko kimya?" Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa lazima. Kuitwa mbele ya wakwe na majirani ni lazima, hata kama mwalimu atacheka wakati anachomoa noti.

Bibi yangu hakuwa na mshahara wala pensheni. Jumamosi jioni alizunguka kihamba, shamba letu la migomba, na panga mkononi, akiipapasa mikungu mmoja mmoja, kisha akaukata ule uliokomaa kuliko yote. Iliyosalia, ile midogo, ndiyo tuliyokula sisi. Asubuhi aliuweka kichwani juu ya ngata, akashuka nao mguu kwa mguu mpaka kanisani, na akautua kwenye ngazi ya madhabahu kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Nimeona watu wakitoa mamilioni tangu hapo, na hakuna aliyenigusa kama yeye. Mkungu huo ulipofika uwanjani, ulitangazwa kwa ukubwa wake tu. Hakuna aliyeuliza umetoka kwa nani.

Na ni kwa watu kama bibi ndipo watetezi wa mnada wana nguvu. Ukiufuta, ukabakiza bahasha na simu, unamwambia kwanza akauze ndizi kwa mchuuzi kwa bei ya kutupa, ndipo aje na noti yake. Ataileta, sina shaka. Lakini kile alichokipalilia mwaka mzima hakitaingia tena kanisani. Wapo pia wanaofaidika na hawasemewi: muuguzi aliyepanga chumba, mwalimu mgeni asiye na shamba. Jumapili zisizo na wageni wa mjini, hao hupata pale mboga ya wiki kwa bei wanayoimudu. Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani wa Misheni ya Leipzig aliyehudumu Old Moshi mpaka 1938, alishikilia kwamba usharika ujengwe juu ya ukoo, ujirani na rika. Jirani anapokula ndizi ya jirani yake baada ya ibada, naona kitu cha namna hiyo.

Kwa hiyo nausimamia mnada, ila heshima tumeihamisha. Ilikuwa ya aliyeleta, tumempa aliyenunua. Mazao yaombewe kwa utulivu mbele ya madhabahu, yasirundikwe mlangoni eti muda umekwisha. Anayenadi asimwite mtu. Kitu kiuzwe mara moja tu, na aliyekinunua akitaka kukitoa tena, kipelekwe kwa mgonjwa au mjane wa mtaa.

Najua gharama yake. Fedha ya Desemba ndiyo inayobeba ujenzi, na mtunza hazina ana haki ya kuniuliza bati zitatoka wapi. Mwenye laki moja na nusu anaweza kuitia kwenye bahasha asubuhi ileile. Kama alikusudia kumpa Mungu, ukimya wa uwanja hautampunguzia kitu. Na kama haitatoka bila vigelegele, ni afadhali usharika ulijue hilo kabla haujaanza kuchimba msingi.

Katika mnada mmoja nilioshuhudia, mama mmoja mzee alileta mayai sita kwenye kikapu kidogo. Ili kuokoa muda, yalichanganywa na ya wengine yakatimia trei moja, na trei ikapata bei nzuri. Yeye alikuwa bado amesimama kwenye kivuli, anangoja mayai yake yanadiwe, mpaka watu walipoanza kutawanyika.