Nilitumwa Beberu, Nikaleta Ndafu

Beberu nilimjua darasani tu. Alikuwa yule mnyonyaji wa somo la historia, mkoloni na watu wake. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba kabla ya kupewa cheo hicho alikuwa mbuzi.

Basi mjomba aliponituma kwa jirani, "Kaazime beberu, mbuzi wetu yuko joto tangu asubuhi, anataka dume," nilielewa nusu: nilete mbuzi dume. Nikaondoka kwa kujiamini. Dume si dume?

Jirani hakuwepo, mkewe akanielekeza bandani nichukue mwenyewe. Nikakuta madume wawili. Mmoja kafungwa peke yake pembeni. Amekonda, ndevu zimelowa, miguu ya mbele ina madoa ya njano, mdomo wa juu ameukunja anacheka na hewa. Harufu yake ilinipokea kabla sijafika. Wa pili? Mashallah. Manyoya yanang'aa, shingo nene, mtulivu, hana harufu hata chembe. Nikamwonea huruma mbuzi wetu, nikamchagulia huyo mtanashati.

Njia nzima alitembea kwa adabu, kamba haikukaza hata mara moja. Nilimwingiza bandani, mbuzi wetu akaja mbio, mkia unapepea, analia. Mgeni akamnusa kidogo, akaenda kwenye majani. Nikaona labda anaona haya, nikawapa mgongo. Nilipogeuka majani yalikuwa yameisha, bwana harusi amelala chini anacheua. Nikamwinua. Akalala tena. Mjomba alipotokea alinikuta nimeinama, namsukuma kwa nyuma.

"Unafanya nini?"

"Namsaidia, mjomba."

Akachungulia chini ya tumbo la mgeni. Kimya kirefu.

"Uliangalia huku kabla ya kumchukua?"

"Huku wapi?"

"Huyu ni ndafu! Alihasiwa akiwa mdogo, kazi yake ni kunona. Hiyo uliyompa hana vifaa vyake."

Niseme ukweli, haikuwa mara ya kwanza. Juzi yake nilikuwa nimeamka alfajiri, nikabeba ndoo, nikaenda kumkamua mtamba. Mtamba ni ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, kwa hiyo hana maziwa. Ana teke lakini. Na siku niliyofika nilimkimbia maksai nikaruka ua, nikidhani ni fahali. Maksai naye kahasiwa, mpole kuliko mimi. Hakuinua hata kichwa.

"Rudi upesi," mjomba akasema. "Joto la mbuzi ni siku moja, mbili. Likipita tunasubiri siku 21 nyingine."

Nikarudi kumfuata yule anayenuka. Kumbe kunuka ndiko kunakomtambulisha! Njiani alisimama, akainamisha kichwa, akajikojolea ndevu mwenyewe, kwa makusudi na kwa shabaha ya ajabu. Manukato hayo. Kisha akanisugua na utosi wake, pale nyuma ya pembe kwenye tezi za harufu, suruali yote, mbele na nyuma, kama anayepaka rangi. Nilipoachia mkono mmoja nizibe pua, alijivuta, kamba ikakatika, akatimua mbio kwao.

Nilifika bandani na kipande cha kamba.

"Beberu yuko wapi?"

Kabla sijajibu, mbuzi wetu aliinua kichwa. Akanusa. Akanijia mbio, mkia unapepea kuliko asubuhi, akageuka, akaniegemezea makalio magotini. Nikahama upande. Akahama nami.

Mjomba alikaa chini juu ya ndoo, machozi yanamtoka.

"Simama hapo hapo, usitoke," akasema alipopata pumzi. "Mliwaze mwenzio, mimi nakwenda kumleta mwenyewe."