Tafsiri Sisisi Haitoshi: Kuihamishia BF Kwenye Python

Lugha ya programu ninayoizungumzia ina amri nane tu, na kila amri ni alama moja. Iliundwa mwaka 1993 na Urban Müller, Mswisi aliyekusudia kupata lugha ambayo kompaila yake (programu inayoigeuza iwe lugha ya mashine) ingekuwa ndogo kuliko kawaida kwenye kompyuta ya Amiga. Jina lake kamili lina tusi la Kiingereza, kwa hiyo nitaiita BF, kama wafanyavyo wengi. Kumbukumbu yake kwa desturi ni safu ya visanduku 30,000, kila kimoja kikibeba baiti moja, yaani namba kati ya 0 na 255, pamoja na kielekezi kinachoonyesha tulipo. Alama mbili (> na <) husogeza kielekezi kulia na kushoto, mbili (+ na -) huongeza na kupunguza moja, mbili (mkato na nukta) husoma na kuchapisha herufi, na mabano ya mraba hufungua na kufunga kitanzi kinachorudiwa hadi kisanduku kilichoelekezwa kiwe sifuri.

Kuandika programu ya kugeuza BF kuwa Python, lugha nyingine ya programu, ni kazi ya jioni moja. Kila alama hupewa mstari wake, kila bano la kufungua huwa «while», neno la Python la kuanzisha kitanzi, na yaliyomo ndani ya kitanzi husogezwa kulia kama Python inavyodai. Nilipomaliza ya kwangu, programu zilizogeuzwa zilitoa majibu yaleyale, lakini nilipozisoma sikuelewa chochote zaidi ya nilichokielewa katika BF yenyewe. Wataalamu wa tafsiri huiita tafsiri ya namna hii sisisi, yaani inayofuata maana ya msingi ya kila neno bila kujali muktadha, ingawa kwa sarufi ya lugha inayopokea, na ninashikilia kwamba hata pale inapotoa jibu sahihi, kazi ya mfasiri inakuwa bado haijaanza.

Tazama mfano huu: ++++++++[>++++++++<-]>+. Tafsiri sisisi itatoa kitanzi kinachozunguka mara nane, kikiongeza nane kwenye kisanduku cha pili na kupunguza moja kwenye cha kwanza. Aliyeandika alitaka kuzidisha: nane mara nane, ongeza moja, ni 65, namba ya herufi A. BF haina amri ya kuzidisha, ndiyo maana alizunguka. Python inayo, na kumlazimisha msomaji wa Python azunguke naye ni kumnyima kile ambacho lugha yake inaweza kukisema kwa mstari mmoja.

BF ina nahau zake pia. Alama [-] husemwa ili kukisafisha kisanduku kiwe sifuri, na [->+<] ni kuihamishia thamani kwa jirani wa kulia. Anayezifasiri alama mojamoja ni sawa na mtu anayefasiri «kupiga pasi» akaishia na kipigo na chuma, asiione nguo iliyonyooshwa.

Hata hivyo siidharau tafsiri sisisi, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha mahali ambapo lugha hizi mbili hutofautiana kimyakimya. Katika baiti, 255 ukiongeza moja hurudi kuwa sifuri, na zipo programu za BF zinazotegemea jambo hilo. Namba nzima za Python hazina ukomo huo, hivyo 255 huwa 256 na kitanzi kilichopaswa kukoma huendelea. Kielekezi kikisogea kushoto ya kisanduku cha kwanza, Python haitalalamika, kwa kuwa kwake faharasa (namba ya mahali) ya -1 ni kisanduku cha mwisho cha safu. Kosa hili lilinichukua muda mrefu kulipata, kwani hakuna ujumbe wowote uliotokea. Na ingizo linapokwisha, baadhi ya mifumo ya BF huweka sifuri, mingine -1, na mingine hukiacha kisanduku kama kilivyokuwa, kwa hiyo mfasiri hana budi kuchagua mmojawapo na kuutaja waziwazi. Ndiyo maana ninaitunza tafsiri sisisi kama shahidi: kila ninapoandika toleo linalosomeka, ninayapa matoleo yote mawili ingizo moja na kulinganisha matokeo baiti kwa baiti.

Jambo linalonigusa zaidi ni maelezo ya waandishi. BF hupuuza kila herufi isiyo miongoni mwa alama zake nane, hivyo mtu anaweza kuandika maelezo popote bila kutumia alama ya pekee, na wafasiri wengi huanza kwa kuyafuta yote. Ninaona kufanya hivyo ni hasara kubwa, kwa sababu mara nyingi hapo ndipo mahali pekee ambapo nia ya mwandishi imeandikwa kwa lugha ya binadamu. Maelezo hayo mara nyingi hukosa nukta na mkato, kwa kuwa nukta ingechapisha herufi na mkato ungesoma ingizo. Katika matoleo yangu ya Python nimeyahamisha yote, kila moja juu ya mstari unaohusika, na nimeyarudishia nukta na mikato yake.