Nani Amewahi Kulewa Ndimu?

Mimi na wageni hatuna ugomvi. Waje. Ila zamani, jamani, mgeni alikuwa rahisi. Akishaketi unamtuma mtoto dukani na chupa tupu, anarudi na soda mbili, mgeni anachagua, kama kifungulio hakionekani unamfungulia kwa meno, mambo yamekwisha. Soda haina maswali. Haikamuliwi, haichujwi, haionjwi na watu wanne kila mmoja na lake. Siku hizi nyumbani kwangu Tabata soda imepigwa marufuku, na si serikali iliyoipiga. Ni kikoba.

Mke wangu, Mama Neema, yumo kwenye kikoba cha akina mama 22. Kila Jumamosi wanakutana kwa mmoja wao: wanahesabu hisa, wanakopeshana, wanasutana kidogo, wanakula, wanatawanyika. Zamu yetu huja kama mara mbili kwa mwaka, na siku hiyo mimi natoka asubuhi na kurudi baada ya viatu vya mwisho kuondoka mlangoni. Kwa miaka mitatu nimefaulu hivyo, hakuna hata mmoja wao anayeijua sura yangu. Nilikuwa najisifu kwa hilo.

Sasa kuna mwenzao mmoja ni muuguzi. Huyo ndiye aliyeiua soda. Alisimama kikaoni akawaambia kwamba soda ya mililita 330 ina sukari karibu gramu 35, sawa na vijiko 9 vya chai. Akina mama wakashika vifua. Mmoja, naambiwa, aliirudisha chupa mezani huku akiitazama kama imemtukana. Bia nayo haijawahi kuwa na nafasi pale: mwenyekiti ameokoka, mweka hazina ni mtu wa swala tano, na katibu, hm, katibu ndiye sababu ya wale wawili kukaza uzi.

Basi zamu yetu ikafika. Mama Neema akaandika kwenye kundi lao: "Kwangu mtapata kinywaji baridi cha ndimu na machungwa, hakina kilevi, hakina kemikali." Nikausoma ujumbe mara mbili. Hakina kilevi! Nani amewahi kulewa ndimu? Lini umesikia mtu kaokotwa mtaroni, ukiuliza kulikoni unaambiwa alizidisha ndimu? Ndimu ndiyo tunayomlambisha mlevi ili azinduke!

Nikaanza kutafuta ufunguo wa baiskeli mapema. Lakini dada wa kazi alikuwa ameenda kwao msibani, na Mama Neema alikuwa na pilau, kachumbari na vitabu vya hesabu. Akaniambia kwa upole, "Baba Neema, wewe utashika kinywaji tu."

Niogopeeni neno "tu" likitoka kwa mwanamke aliyeshika mwiko.

Nikapewa kikaratasi: ndimu 40, machungwa 20, sukari kilo 2, tangawizi, majani ya mnanaa. Ijumaa jioni nikaenda sokoni. Muuzaji akaniuliza, "Mzee, unataka ndimu au malimau?" Nikamuuliza kwani tofauti yake nini. Akaacha kufunga mfuko wa mtu, akanitazama. Limau, akanielewesha taratibu kama anavyoelekezwa mgeni wa jiji, ndilo hili kubwa lenye ganda la vipele na chuchu mwishoni. Ndimu ndiyo hii ya duara, ndogo. Nikasema ndimu. Nikaanza kuchagua zile ngumu zinazong'aa, za kijani kibichi, nzuri hata kupiga picha. Mama mmoja aliyekuwa ananunua nyanya pembeni hakuweza kuvumilia. "Baba, hizo ni ganda tupu. Chukua laini, ya ganda jembamba, nzito mkononi." Kweli, zile nzito ndizo zenye maji. Shilingi mia moja kila ndimu.

Machungwa nayo yakanipa kisirani. Yote kijani. Nikamwambia kijana nimeomba yaliyoiva. Akasema yameiva, ya Muheza haya. Nikajua nimeshaibiwa, nikalipa 200 kwa kila moja nikiwa nimenuna. Nyumbani nikamlalamikia Neema, yuko kidato cha nne. Akasema, "Baba, chungwa hugeuka rangi likipata baridi usiku. Huku kwetu usiku ni joto, kwa hiyo linaiva ndani na ganda linabaki kijani." Nikapasua moja, tamu kama nini. Nimelipa ada miaka kumi na moja, hiyo ndiyo mara ya kwanza kuisikia ikizungumza.

Ningemsikiliza na asubuhi yake ningepona. Maana Jumamosi saa kumi na moja alfajiri nilikuwa jikoni peke yangu na akili zangu. Kukamua ndimu 40 moja moja nikaona ni ushamba wakati brenda ipo. Nikazikata ndimu 20 vipande vinne vinne, nikatupia na maganda na mbegu zake, nikamimina maji, nikawasha. Ikasagika povu la kijani, harufu nzuri mpaka jirani akakohoa. Nikaonja: safi! Nikaifunika, nikarudi kulala nikiwa shujaa.

Saa moja nikaonja tena. Wallahi shubiri ina nafuu. Uchungu ulinishika kwenye mzizi wa ulimi ukashuka hadi kwenye magoti. Nikamwita Neema aonje. Akatema kwenye sinki, akasema, "Baba, umesaga mbegu?" Nikamwambia hazikuomba kutolewa. Kumbe mbegu na ule weupe wa ndani ya ganda vina uchungu wao, na ukivisaga uchungu haujionyeshi saa hiyohiyo, unakuja polepole kadiri kinywaji kinavyokaa. Yaani ndimu ilisubiri nilale. Hata madeni yangu yana adabu kuliko hiyo.

Bodaboda, sokoni tena. Ndimu ya mia moja jana leo 150. Nikauliza kimetokea nini usiku. Kijana akasema, "Mzee, Jumamosi hii." Nikanunua 20 nyingine bila kumtazama usoni.

Nafika nyumbani, umeme umekatika.

Hapo sasa ndipo kiburi kilipovuliwa koti. Brenda imekuwa pambo. Jikoni giza na joto la pilau, nikatolewa nje na beseni langu. Nikakaa uani kwenye kigoda, jua la saa nne linanipiga mgongoni na mikononi, nakamua ndimu moja baada ya nyingine. Mama Neema akapita, akanionyesha kuzibiringisha kwanza kwenye ubao kwa kiganja zilainike ndipo zitoe maji yote. Akaondoka bila kuuliza naendeleaje. Kidole changu kilikuwa na mchubuko wa bati, wa juzi, mdogo kiasi kwamba nilikuwa nimeusahau. Ndimu haikuusahau. Kwa ndimu ya kwanza nilisema "aah". Ya pili nilitaja marehemu babu yangu. Ilipofika ya kumi na mbili nikawa sisikii tena maumivu, nasikia kengele.

Sukari nikaimimina kwenye ndoo ya maji baridi, nikakoroga mpaka mkono ukagoma. Ikalala chini kama mpangaji aliyeambiwa ahame. Neema akaichukua, akaichemsha kando na maji kidogo na tangawizi mpaka ikawa shira, ikapoa, ndiyo ikamiminwa na kuchanganyika mara moja. Tukachuja kwa chujio la tui. Ndiyo, kulikuwa na harufu ya nazi kwa mbali. Sikusema, na wewe usiseme.

Likabaki suala la barafu. Friji imelala, na mke wangu ameandika "kinywaji baridi" mbele ya watu 21. Nikaenda kwa muuza samaki wa kona. Barafu anayo, tena nyingi, lakini ndani yake kuna changu wamelala wananitazama. Nikarudi nyuma. Si kila baridi ni ya kunywa. Duka la kwanza hakuna, la pili hakuna. La tatu mama akasema ninazo, akafungua boksi: barafu za ubuyu. Nyekundu. Za watoto wa shule. Nyingine sina, akasema.

Nikanunua 20 za shilingi 200. Nikarudi nazo chini ya shati, nikazipasua uani kisirisiri na kuzitumbukiza kwenye ndoo. Rangi ikabadilika mbele ya macho yangu, kutoka kwenye njano ya machungwa ikaingia kwenye waridi. Nikatupia majani ya mnanaa juu kuficha ushahidi. Neema aliona. Tulitazamana kwa muda, nikampa 2,000 yake.

Saa nane wakaja. Mama Neema yuko ndani na daftari la hisa, kavaa miwani, hasemeshwi. Mimi nimevaa aproni yake yenye maua na nimefunga taulo kichwani kwa ajili ya jasho. Nikapita na jagi, glasi hadi glasi, kimya kama jini. Wakanywa. Wakanyamaza. Kisha mmoja akasema, "Hee!" Mwingine akasema, "Hii ya pinki wameweka nini?" Yule muuguzi akainua glasi kwenye mwanga wa dirisha akatangaza kwamba hivi ndivyo watu wanatakiwa kunywa, vitu vya asili, si sukari za chupani. Akaomba ya pili. Na ya tatu.

Nikiwa namwongezea, mama mmoja mnene mwenye gauni la kitenge cha bluu akanivuta aproni. "Kaka, unafanya shughuli peke yako au una wenzako?" Nikamwambia peke yangu, na kweli nilikuwa peke yangu. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama Neema kapata mtu. Maana tunasikia ana mume pale nyumbani analalamika kuliko redio. Umemwona?"

Nikafikiri kidogo. "Namwona mara mojamoja."

"Anakulipa lakini?"

"Bado hatujaelewana."

Akatikisa kichwa kwa huruma, akafungua pochi, akanitia 5,000 kwenye mfuko wa aproni na kuomba namba yangu ya simu. Ningekuwa mtu wa heshima ningejitambulisha. Lakini nilikuwa nimeshapiga hesabu: ndimu za mwanzo 4,000, za pili 3,000, machungwa 4,000, sukari 6,000, tangawizi na mnanaa 2,000, barafu 4,000, bodaboda 4,000. Elfu 27, mbali na hongo ya Neema. Elfu tano si ya kutupa. Nikampa namba.

Usiku, usingizi hauji kwa sababu ya kidole, nikachukua kalamu. Sukari tuliyotumia ni kilo moja na nusu. Kinywaji kilitoa glasi 43 za mililita 300. Gawanya. Nikagawanya tena, nikidhani nimekosea. Karibu gramu 35 kwa kila glasi, na hapo barafu za ubuyu sijazigusa. Nikamgeukia Mama Neema nimwambie kwamba wamekunywa soda ileile wanayoikimbia, tena muuguzi kanywa tatu. Alikuwa amelala anatabasamu. Kikao kizima kilimsifia. Nikazima taa.

Jumatatu nikaamka mikono ina michirizi ya hudhurungi, kama nimechorwa hina na mtu mwenye hasira. Vidole, viganja vya nje, hadi kwenye kiwiko ambako maji yalitiririka. Inawasha, inachoma. Zahanati nikaulizwa swali moja tu: "Ulishika ndimu juani?" Eti maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi kisha jua likayapiga, ngozi inaungua, na alama zinakuja baada ya siku moja mbili. Miaka 47 naishi pwani, ndimu kwenye supu, ndimu kwenye mihogo, hakuna aliyewahi kuniambia nikamulie kivulini. Zitafutika, nikaambiwa, lakini zitachukua wiki kadhaa. Kazini nimevaa mikono mirefu kwenye joto hili na watu wanauliza kama nimeokoka.

Juzi simu ikalia, namba ngeni. "Kaka wa juisi?" Nikatoka nje, nikasimama chini ya mwembe, Mama Neema asisikie. Ni yule wa kitenge cha bluu. Mwanawe anapata kipaimara, watu 60, na anataka ileile ya pinki, isiwe nyingine.

Nikamwambia dada yangu, ile ya pinki ina kazi yake.

"Shilingi ngapi?"

Nikaitazama mikono yangu. Nikasema laki moja.

Akanyamaza. Nikasikia anashauriana na mtu. Akarudi, akauliza kama hapo na barafu imo.

Nikamwambia hapana, mama, barafu juu yako.