Semina ya Kusoma Isiyokuwa na Msomaji

Wiki iliyopita nilikaa siku mbili katika ukumbi wa hoteli hapa Busia, upande wa Uganda, nikifundishwa namna ya kuwasaidia watoto wanaoshindwa kusoma. Tulikuwa walimu 43. Tulipewa kalamu, daftari lenye nembo ya mfadhili, chai na chapati mbili saa nne, wali kwa nyama saa saba, na jioni ya siku ya pili tukapanga foleni kutia sahihi ili tupokee nauli. Cheti nilichopewa kinashuhudia kwamba sasa ninao ujuzi wa kumsaidia msomaji mwenye shida. Msomaji mwenyewe sikumwona. Hakukuwa na mtoto hata mmoja katika ukumbi ule kwa siku zote mbili, ingawa nje ya dirisha, kwa kuwa ilikuwa siku ya soko, walikuwa tele, wengine wakiwa na sare za shule na mafungu ya nyanya vichwani.

Mwezeshaji wetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, alikuja kwa wakati, na slaidi zake zilipangwa vizuri. Saa nane mchana, usingizi ulipoanza kutuzidi nguvu, aliomba mmoja wetu ajitolee kuwa mtoto wa darasa la pili asiyejua kusoma. Akasimama mwenzetu mwenye mvi, akajikunyata, akaweka kidole mdomoni, akasoma kwa kugugumia hadi tukacheka machozi. Aliigiza vizuri sana. Tatizo ni kwamba mtu anayejua kusoma hawezi kukosea kama anavyokosea mtoto, kwa sababu makosa ya mtoto yana mpangilio wake, na kuutambua mpangilio huo ndiyo kazi yote tuliyokuwa tumeitiwa pale.

Nitatoa mfano wa darasani kwangu. Ninaye kijana wa darasa la tano ambaye kwa miaka minne amepanda darasa baada ya darasa, kama utaratibu wetu unavyotaka, bila mtu kugundua lolote. Muhula uliopita nilimpa hadithi fupi ya Kiswahili, akausoma ukurasa mzima bila kusita, kwa sauti nzuri, hata nikataka kumpigia makofi. Kisha, kwa bahati tu, nikauweka mkono juu ya picha ili nifukuze nzi. Akanyamaza. Nilipokiondoa kiganja, akaendelea. Nikachukua kipande cha karatasi nikaandika neno moja, mbuzi, bila picha. Akalitazama, akaanza: em, bii, yuu, zedi, ai. Akayarudia mara ya pili kwa kasi zaidi, kisha akaniangalia kama mtu anayesubiri risiti.

Kijana huyo si mjinga. Amefanya kwa uaminifu kile alichofundishwa. Amefundishwa wimbo wa majina ya herufi za Kiingereza, akaambiwa kwamba hiyo ndiyo kusoma; na mtu ayaunganishe majina hayo hata mpaka jua lizame, em-bii-yuu-zedi-ai haitakuwa mbuzi. Alichokosa ni sauti za herufi na mazoezi ya kuziunganisha kuwa silabi. Anayekaa dawati la nyuma yake ana shida nyingine kabisa: huyo anaitamka kila silabi kwa usahihi, lakini polepole mno, hata akifika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo wake. Yupo pia msichana anayesoma Kiingereza kwa mwendo wa mtangazaji wa redio, na ukimwuliza amesoma nini, anakutazama tu. Hao ni watoto watatu wenye shida tatu, na kila mmoja anahitaji msaada wake. Katika chumba cha walimu wote watatu wana jina moja: wazito.

Sitajifanya kwamba mimi nilikuwa na jina bora kuliko hilo. Nilikaa chuo cha ualimu miaka miwili nikapata cheti cha daraja la tatu. Nilijifunza kuandika malengo ya somo, kuchora chati kwa rangi nne, na kugawa ubao sehemu tatu zilizonyooka. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mkufunzi alikuja, akakaa nyuma, akakagua andalio la somo na mwandiko wangu, akaondoka. Hakuna siku hata moja ambapo mtu mwenye uzoefu alikaa kando yangu, mtoto akiwa mbele yetu na kitabu, akaniambia: msikilize, umesikia alichofanya hapo, kwa nini amesema kaka mahali palipoandikwa kuku? Fundi wa pikipiki pale kwenye kona ya barabara ya Tororo anaye mwanafunzi ambaye kwa mwaka mzima ameinamisha sikio kwenye injini zinazokohoa huku mwalimu wake akimwuliza shida iko wapi. Bodaboda za Uganda zinapata mafundi waliofundwa hivyo. Watoto wa Uganda wanapata mimi na cheti changu cha semina.

Wanaopanga mafunzo haya hawawezi kusema kwamba hawajaambiwa. Katika eneo la Lango, kaskazini mwa nchi yetu, shirika la Mango Tree liliendesha mradi wa kuwafundisha watoto wa madarasa ya chini kusoma kwa Leblango, na watafiti wawili, Jason Kerwin na Rebecca Thornton, wakaulinganisha kwa namna mbili. Katika namna ya kwanza walimu walifundishwa na watu wa mradi wenyewe na kutembelewa darasani mara kwa mara, na watoto wakapewa vibao vya kuandikia. Katika namna ya pili gharama zilipunguzwa: mafunzo yakapitishwa kwa wakufunzi waratibu wa serikali ili wao wayafikishe kwa walimu, ziara zikapungua, vibao vikaondolewa. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2021, yanaonyesha kwamba watoto wa namna ya kwanza walipiga hatua kubwa sana katika kusoma. Wa namna ya pili walipata faida ndogo ya kusoma, na katika kuandika wakawa nyuma hata ya watoto ambao shule zao hazikupata mradi wowote. Isomeni tena sentensi hiyo, enyi mnaopanga bajeti. Katika kuandika, mradi uliopunguzwa gharama uliwaacha watoto pabaya zaidi kuliko kama pasingefanyika kitu. Nasi bado tunaendelea kumwaga mafunzo kutoka ngazi moja hadi nyingine kama maji ya birika lililotoboka, na kinachonifikia mimi huku chini ni nembo ya mfadhili kwenye daftari.

Najua mtakayoniambia. Madarasa yamefurika tangu UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ilipoanza mwaka 1997. Ni kweli, langu lina watoto 87, na hakuna mafunzo yatakayonipa masikio 87. Mishahara yetu sisi wa shule za msingi ni ya kusikitisha. Hilo ni kweli pia, na siku nyingine nitaliandikia makala yake. Shule zilifungwa kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, na watoto wakarudi wakiwa wamesahau hata namna ya kushika kalamu, nakubali. Hata hivyo, nikiwa na dakika 10 baada ya chakula cha mchana na mtoto mmoja, ukubwa wa darasa haunizuii. Kinachonizuia ni kutojua la kufanya na dakika hizo.

Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 inataka kila mwalimu, kuanzia wa chekechea, awe na shahada. Vizuri. Sina ugomvi na shahada, na huenda nami nitaitafuta nikipata karo. Ila kama miaka hiyo yote itakuwa ya chati za rangi nane badala ya nne, basi tutakuwa tumewaongezea watu majoho tu. Ningependa kuona sharti moja dogo katika kila chuo: asihitimu mtu ambaye hajakaa na watoto watano wanaoshindwa kusoma, mmoja mmoja, kwa muhula mzima, akiandika kila siku kila mtoto alikosea nini na yeye alifanya nini, huku mkufunzi wake akisikiliza. Chuo Kikuu cha Kyambogo kuna watu waliobobea katika elimu ya mahitaji maalumu tangu mimi sijaanza kushika chaki. Watolewe ofisini, wapelekwe madarasani.

Na sharti hilo lisiishie kwa walimu wa madarasa ya chini. Mtaala uliokuja mwaka 2007 unataka mtoto asome kwa lugha ya nyumbani hadi darasa la tatu, kisha darasa la nne ahamie Kiingereza. Kwa sababu hiyo kila mtu anadhani kwamba kufundisha kusoma ni kazi inayokwisha darasa la tatu, na mimi wa darasa la tano sikuwahi kufundishwa hata nusu saa jinsi ya kumrudisha mtoto kwenye silabi bila kumwaibisha mbele ya wenzake. Hapa mpakani hata hiyo lugha ya nyumbani ni kitendawili. Darasani kwangu wamo Wasamia, Wateso, Wasoga, Waganda na wale ambao kwao ni Kiswahili tu kwa kuwa mama anauza upande ule wa Kenya. Shule nyingi hujitoa katika ugomvi huo kwa kuanza na Kiingereza siku ya kwanza, yaani kwa kumfundisha mtoto kusoma kwa lugha asiyoijua na yenye tahajia isiyomhurumia hata mwenyewe. Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kutaka kifundishwe shuleni kwa lazima. Nilifurahi, kwa sababu zangu za kikazi: ba be bi bo bu haimdanganyi mtoto. Walimu wa kukifundisha tunawasubiri.

Kijana wangu tulianza na vifuniko vya soda. Niliviandika silabi kwa kalamu ya wino mzito, nikawa nikivisogeza mezani: mbu, zi. Wiki ya kwanza hatukuvuka vifuniko sita, na mara mbili nilikosea mimi, kwa kumharakisha. Wiki ya tatu alisoma mbuzi, kisha akakibadilisha kifuniko kimoja mwenyewe, akasoma mbuyu, akaniuliza kama neno hilo lipo. Njia hiyo sikuipata kwenye semina yoyote. Nilionyeshwa na mwalimu mstaafu, jirani yangu, aliyejifunza kwa kubahatisha miaka 30.

Jana nimepokea ujumbe wa simu kunialika semina nyingine ya siku mbili, mada ileile, hoteli ileile. Nimemjibu mratibu kwa adabu zote, nikamwomba ruhusa ya kuja na kijana wangu pamoja na vifuniko vyake, ili walimu wenzangu wamsikilize. Akanijibu kwamba wazo ni zuri, ila bajeti haina chakula cha mtoto. Nimemwandikia kwamba atakula sahani yangu.