Siku Kuku wa Mama Mkwe Aliponitapikia Uraka

Mama mkwe wangu ana maneno machache na kuku watano. Novemba iliyopita, alipokwenda Newala kumtazama mjukuu mpya, maneno alisafiri nayo, kuku akaniachia mimi.

"Baba, huyu kishingo ndiye anayenipa mayai," alisema akiwa mguu mmoja ndani ya basi. "Wale wengine hata wakifa tutazungumza."

Tunakaa Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, na ukirusha jiwe huku kwetu linaangukia mkorosho. Uani tunayo mitatu. Msimu ukifika mabibo, yale matunda ya mkorosho, yanadondoka usiku kucha, pu, pu, mpaka usingizi unakatika. Korosho tunauza, mabibo wenye shughuli zao huyakamua wakapata pombe ya uraka, na ambaye uraka haumtoshi anautia motoni akapata nipa. Mimi sinywi. Nalisema mapema, maana huko mbele litahitaji mashahidi.

Kuku kishingo hana manyoya shingoni, kwa hiyo mambo yake yako hadharani. Siku ya tatu nikaona pale shingo inapokutana na kifua, upande wa kulia, pamevimba kama ameficha chungwa. Gole hilo, mfuko wa chakula! Nikafurahi. Nikampiga picha ya ubavuni nikamtumia mama mkwe: "Mama, ona mwanao anavyoshiba." Akajibu kwa sauti, "Alhamdulillah, baba," nami nikatembea siku nzima kifua mbele.

Kesho yake alfajiri nafungua banda, chungwa liko vilevile. Wenzake wakatoka mbio, yeye akasimama pembeni anazungusha shingo kama mtu aliyevalishwa tai kwa mara ya kwanza. Nikammwagia mahindi, hakugusa. Nikasema, naam, huyu kashiba kweli. Hivyo ndivyo nilivyofuga.

Ijumaa nimeshaoga, nimevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama, natafuta kofia. Mzee jirani akachungulia juu ya ua.

"Huyo gole limemwoza. Mkamate miguu, mning'inize kichwa chini, lote litatoka."

Mzee ana umri wa kuheshimiwa na sauti ya uhakika, na mimi sikuwa na umri wala uhakika. Nikamkamata kuku miguu nikamgeuza. Tatizo ni kwamba nilimgeuza akinitazama.

Yakatoka maji ya rangi ya chai ya maziwa, vipande vya mabibo, majani, yakanianza kifuani yakaishia kwenye pindo la kanzu. Na harufu! Uraka wa siku tatu uliosahauliwa juani. Kuku akakohoa, akatweta, upanga wake wa kichwani ukaiva zambarau, shingo ikalegea mkononi mwangu. Nikapiga ukelele, "Mama mkwe nimemuua!" Mzee jirani akashuka taratibu upande wake wa ua, sikumwona tena mpaka Jumapili.

Sikuwa na nafasi ya kubadili nguo. Nikamtia kuku kapuni, nikasimamisha bajaji.

Dereva akavuta pumzi mara moja. "Mzee, Ijumaa hii?"

"Ni kuku huyu."

"Sawa mzee, ni kuku."

Mbele kidogo wakapanda wazee wawili wanaokwenda msikitini, ninaoswali nao safu moja. Wa kwanza akanisalimu, akanusa, akasogea. Wa pili akaanza "Astaghfirullah" pale kituoni na hakuimaliza mpaka aliposhuka. Nilitaka kueleza, lakini kila nikifungua mdomo, kuku naye anacheua ndani ya kapu, na harufu inatoka kama ni yangu. Nikanyamaza. Aliyenyamaza ndani ya harufu ya uraka, watu wameshamhukumu.

Bwana mifugo hakucheka, na namshukuru kwa hilo. Alimpapasa kuku gole kwa vidole viwili, akaniwekea kidole changu palepale. Juu laini kama puto lenye maji, chini donge gumu.

"Nani kakwambia umpindue?"

Nikasema ni mtaani tu.

Akaniambia nina bahati. Ukimgeuza hivyo maji yanaingia njia ya hewa, kuku anakufa mkononi huku unamtibu. Akamfungua mdomo, akaona ncha ya uzi, akaukata kwa mkasi, maana kuuvuta kunaweza kuchana ndani.

"Huu si uzi wa gunia?"

Ulikuwa wa gunia. Gunia langu chakavu la korosho nililitandika mlangoni mwa banda liwe kama zulia, likafumuka, naye akawa anadonoa nyuzi moja moja. Akaongeza majani marefu ambayo mke wangu alishanisihi nifyeke. Kuku hana meno. Chakula kinalainika kwenye gole halafu kinasagwa na changarawe ndani ya firigisi. Nyuzi na majani vikajisokota donge, njia ikaziba, na mabibo aliyookota juu yake yakakaa mle kwenye joto yakachacha, fangasi wakapata shamba. Kwa ufupi, mama mkwe aliniachia kuku, mimi nikamfanya kiwanda cha uraka.

Na lile gole nililopiga picha? Kuku akilala na gole limejaa hakuna ubaya. Alfajiri, kabla hajala, linatakiwa liwe tupu. Akiamka limejaa, hiyo si shibe.

Alinipa dawa ya fangasi, akaniamuru kumtenga, siku nzima maji tu bila chakula, kisha mafuta ya nazi kijiko kidogo, yakipita tone kwa tone pembeni ya mdomo, na kulikanda lile donge kwa upole dakika chache asubuhi na jioni. Lisipolegea nimrudishe, apasuliwe gole na mtu anayejua, wala nisithubutu kuchukua wembe. Alinitazama sana aliposema wembe.

Kwa hiyo jioni nikaketi kwenye mkeka, kuku mapajani, vidole vina mafuta, nalifikicha lile donge kama mtu anayevunja mabuja ya ugali. Mke wangu akasimama mlangoni.

"Mgongo wangu unaniuma tangu Julai," akasema. "Sijawahi kuona hayo mafuta."

Siku ya pili donge likawa kama unga uliolowa. Ya tatu alfajiri nikaingiza mkono bandani gizani, nikapapasa: pametepeta, patupu, ngozi tu. Nilimwamsha mke wangu kumpa habari. Hakuzipokea vizuri. Chakula cha kwanza nikampa uji mzito wa pumba kidogo kidogo, naye akanidonoa kidole, nikajua amepona.

Gunia nikalichoma. Majani nikafyeka mpaka ukuta wa jirani ukaonekana wote. Kigae kimoja nikakijaza changarawe, na mabibo nikawa nayafagia kabla kuku hawajatoka, kazi ya kijinga Naliendele mwezi wa Novemba, maana ukifika mwisho wa uwanja mwanzo umeshajaa tena.

Mama mkwe akarudi Jumamosi ya pili yake. Hakuketi, alikwenda moja kwa moja bandani, akamkamata kishingo, akampapasa gole, akatazama macho, akanusa mdomo, akamwachia. Nikajua nimefaulu. Mke wangu alikuwa ameapa hatasema, na mimi sikuwa nimesema.

Akaja akaketi karibu yangu, akaninusa na mimi.

"Baba, kuku wangu mzima, nakushukuru," akasema taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa. "Lakini habari zimenifika hukohuko Newala. Hebu niambie, umeanza lini?"